Kutengeneza mwili wa boti ya faibaglasi: kusoma dalili hadi kufikia chanzo

Boti ya faibaglasi huficha maradhi yake. Ubao unaooza hulainika na kubadilika rangi, na chuma kinacholiwa na kutu huchubuka mbele ya macho ya kila mtu, lakini ukuta wa faibaglasi unaweza kuwa umeachana ndani kwa upana wa sinia huku nje pakionekana ufa mwembamba kama unywele. Niliwahi kuitwa kutazama boti ambayo mwenyewe alitaka azibiwe ufa wa sentimita 4 karibu na omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kazi ambayo kwa macho haikuzidi saa moja. Nilipogonga kwa mpini wa bisibisi kuuzunguka ufa ule, nikitia alama ya penseli kila mahali mlio ulipobadilika, alama ziliungana zikawa duara lenye upana wa sentimita 30, na upande wa ndani, nyuma ya sanduku la maboya ya kujiokolea, faibaglasi ilikuwa imegeuka nyeupe kama maziwa. Ufa ule ulikuwa umekwisha kuzibwa mara mbili kwa fila, yaani ujazo mzito wa kuzibia, na mara zote mbili ulirudi, kwa sababu hakuna aliyeuliza umetoka wapi.

Kwa hiyo katika maelezo haya tutaanza na kile kinachoonekana au kusikika, tukitafute kinachokisababisha, na ndipo tushike msasa. Ili dalili zisomeke, ni lazima kukumbuka ukuta wenyewe ulivyo. Nje kabisa kuna jelikoti, yaani resini (plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu) yenye rangi isiyo na nyuzi, ambayo unene wake wa kawaida ni kama nusu milimita tu. Nyuma yake yamelala matabaka ya nyuzi za kioo, mengine ya mati ya nyuzi fupi zilizotawanywa na mengine ya kitambaa kilichofumwa, yote yakiwa yamekolezwa resini ambayo katika boti nyingi ni poliesta. Nguvu ya boti imo katika nyuzi. Resini kazi yake ni kuzishikanisha, na jelikoti kazi yake ni kuzikinga na maji na jua. Baadhi ya boti zina kiini cha mbao ya balsa, plaiwudi au povu gumu katikati ya ngozi mbili za faibaglasi, na hizo zina matatizo yake ya pekee.

Uchunguzi kabla ya grinda

Osha mwili wa boti kwa sabuni na maji matamu, uache ukauke kabisa, kisha uukague kwa mwanga unaotoka pembeni, asubuhi au jioni, kwa kuwa mwanga wa pembeni huonyesha kila uvimbe na kila mbonyeo. Baada ya hapo gonga. Nyundo ndogo ya plastiki au mpini wa bisibisi unatosha. Faibaglasi nzima hutoa mlio mkavu ulio wazi, na iliyoachana au iliyolowa hutoa mlio mzito, bubu, kama unagonga kadibodi. Hapa pana mtego unaowadanganya wengi: mlio hubadilika pia mahali penye kiambaza (ukuta wa kugawa vyumba) au mhimili upande wa ndani, na mahali ukuta unapoongezeka unene kuelekea mkuku, yaani uti wa chini wa boti. Ukisikia badiliko, nenda kagonge mahali pale pale upande wa pili wa boti. Milio ikifanana pande zote mbili, hiyo ni sauti ya ujenzi wake. Ikitofautiana, tia alama.

Ikiwa upande wa ndani haujapakwa rangi na jelikoti ni nyeupe au ya rangi nyepesi, mwombe mwenzako ashike taa kali nje wakati wa magiza nawe uangalie ukiwa ndani. Faibaglasi nzima hupitisha mwanga kwa usawa, ilhali mahali palipoachana au palipovunjika nyuzi huonekana kama kivuli chenye mipaka. Njia hii haigharimu chochote na imenionyesha mengi ambayo kugonga peke yake kusingeyafichua.

Nyufa kwenye jelikoti

Umbo la nyufa husema zilikotoka. Nyufa zinazotawanyika kutoka nukta moja kama miale, au zinazoizunguka nukta hiyo duara ndani ya duara, ni za kugongwa: boti ilipiga gati, mwamba au gogo, au kitu kizito kiliangukia ndani yake. Kwa kuwa pigo la ndani huweza kuacha alama nje, na la nje ndani, pande zote mbili hukaguliwa hata kama hilo linahitaji kung'oa sakafu au kabati. Mabaka meupe ndani ya faibaglasi yanamaanisha kwamba resini imepasuka na kuachana na nyuzi. Sehemu hiyo imekufa, na hakuna kitu cha kupaka juu yake kitakachoirudishia uhai, huondolewa.

Nyufa fupi fupi zilizolala sambamba kwa kufuata mstari zina habari nyingine. Hizo hutokea mahali ukuta unapopinda juu ya ukingo mgumu, mara nyingi kando ya kiambaza au mwisho wa mhimili wa ndani, na kila wimbi linapopiga ukuta hukunjwa mahali pale pale. Kuziba nyufa hizi bila kuondoa kule kupinda ni kazi bure. Ingia ndani ukague maungio ya mihimili na ukuta kwa kuchomeka wembe mwembamba wa kisu kwenye ukingo wa tabaka la kuungia. Wembe ukipenya bila shida, mhimili umeachana na boti, na hapo ndipo pa kuanzia. Ikiwa maungio yote ni mazima, basi ukuta ni mwembamba kuliko kazi unayofanya, nao huongezewa matabaka upande wa ndani, kila tabaka likizidi lililotangulia kwa sentimita 2 au 3 ili unene upungue polepole. Matabaka yakikomea mahali pamoja, yatazaa ukingo mgumu mpya na nyufa zitahamia hapo.

Nyufa zinazoanzia kwenye boliti za nguzo za reli au za vifungio vya kamba hutokana na mzigo kubebwa na wosha ndogo mno. Ng'oa boliti, chunguza kama tundu lake lina unyevu, na unaporudisha kifaa weka nyuma yake bamba pana la kusambaza mzigo. Nyufa zilizotapakaa bila mpangilio kama tope lililokauka kwa kawaida ni za jelikoti iliyopakwa nene mno au iliyochoka kwa jua, na aghalabu haziingii kwenye nyuzi, ingawa huruhusu maji kupita. Vivyo hivyo nyufa za kwenye pembe za ndani, ambako jelikoti ilijikusanya wakati boti ikitengenezwa.

Kujua ufa una kina gani ni jambo rahisi. Paka wino wa kalamu nzito juu yake, pangusa kwa spiriti, na wino utabaki ndani ya ufa ukiuonyesha hadi ncha zake ambazo jicho halikuziona. Kisha uchimbe kwa kona ya kikwangulio hadi upate mfereji wenye umbo la V. Ukifika kwenye nyuzi ukazikuta ngumu na angavu, ufa uliishia kwenye jelikoti, na hapo mfereji hujazwa jelikoti nzito na kusuguliwa. Mstari mweupe ukiendelea ndani ya nyuzi, endelea kuchimba mpaka uishe, halafu ulihesabu kama jeraha la ukuta na ulitengeneze kwa matabaka kama itakavyoelezwa mbele. Kupaka jelikoti juu ya ufa usiochimbwa hakusaidii kitu, kwa kuwa jelikoti ni nzito na haiwezi kuingia kwenye uwazi mwembamba kama ule. Hukaa juu tu na kupasuka safari ya pili.

Malengelenge chini ya mstari wa maji

Malengelenge huwatia watu hofu, na mengine yanaistahili. Kwanza toboa moja, ukiwa umevaa miwani ya kinga na uso ukiwa pembeni, kwa sababu majimaji ya ndani huwa na shinikizo na huweza kuruka. Likitoka maji tu yasiyo na harufu, na chini yake ukakuta jelikoti nzima, ugonjwa ni wa rangi peke yake: ilipakwa juu ya unyevu au juu ya uso usiosuguliwa. Rangi huondolewa, uso husuguliwa na kupakwa upya. Lakini yakitoka majimaji yenye harufu kama ya siki, yanayonata na kuteleza ukiyasugua kati ya vidole vyenye glavu, na yanayogeuza karatasi ya litmasi kuwa nyekundu, hiyo ni osmosisi.

Chanzo chake ni hiki. Jelikoti haizuii maji kwa asilimia 100. Kidogo kidogo mvuke wa maji hupenya na kufika kwenye nyuzi, ambako hukuta mabaki ya kemikali ambayo hayakuungana vizuri wakati resini ilipoganda, pamoja na gundi inayoshikanisha nyuzi za mati. Mabaki hayo huyeyuka na kufanya maji mazito yenye asidi, na maji mazito yaliyozungukwa na utando huvuta maji mepesi ya nje kuingia ndani. Shinikizo hupanda, na jelikoti huinuka. Ndiyo maana boti inayokaa kwenye maji matamu yenye joto huugua mapema kuliko ile ya kwenye maji ya chumvi yaliyo baridi, na boti inayopandishwa nchi kavu mara kwa mara huugua kwa nadra.

Malengelenge machache, makubwa kama sarafu, hufunguliwa moja moja. Kila moja husagwa hadi faibaglasi ngumu ipatikane pande zote, kisha huoshwa kwa maji matamu, huachwa likauke, huoshwa tena, na hivyo kwa siku kadhaa. Naomba msomaji asiipite sehemu hii haraka. Yale majimaji yana glikoli, na glikoli haikauki kwa jua wala kwa feni. Hubaki ndani ikiendelea kuvuta unyevu kutoka hewani. Kinachoiondoa ni maji, na ikiwezekana maji ya moto. Fundi anayekausha bila kuosha huziba ugonjwa ndani, na baada ya msimu mmoja au miwili malengelenge hurudi kando kando ya viraka vyake. Baada ya kukauka, shimo hupakwa epoksi tupu (resini ya aina nyingine, tofauti na poliesta), kisha hujazwa epoksi iliyokazwa kwa unga wa silika. Fila nyepesi ya chembe tupu zenye hewa, ambayo husuguliwa kwa urahisi na hivyo kupendwa, haifai chini ya mstari wa maji ikiwa imechanganywa na poliesta, kwa kuwa hunyonya maji.

Malengelenge yakiwa mamia, hakuna njia ya mkato. Jelikoti yote ya chini ya mstari wa maji huondolewa, faibaglasi iliyodhoofika husagwa, ukuta huoshwa mara nyingi na kukaushwa kwa wiki, wakati mwingine miezi, halafu hupakwa matabaka 5 au 6 ya epoksi hadi kufikia unene mkavu wa angalau robo milimita. Kupima ukavu, bandika kipande cha plastiki angavu chenye ukubwa wa karatasi mbili za kuandikia, ukizibe kingo zote kwa utepe, na ukiangalie baada ya saa 24. Matone yakionekana upande wa ndani wa plastiki, ukuta bado unatoa maji. Fanya hivyo mahali kadhaa, hasa karibu na mkuku ambako unyevu huchelewa kutoka.

Mlio bubu na ukuta unaobonyea

Ukisukuma kwa kiganja ukuta ukabonyea na kurudi, au ukigonga eneo pana likaitikia kwa mlio bubu katika boti yenye kiini, shuku kiini kilicholowa. Maji huingia kupitia matundu ya skrubu na boliti yaliyotobolewa bila kuzibwa, na yakishaingia kwenye balsa au plaiwudi husafiri. Toboa kwa ndani, kupita ngozi ya ndani peke yake, tundu dogo la milimita 4 au 5, na utazame unga unaotoka kwenye keekee. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema. Ukitoka weusi, wenye majimaji ya kahawia na harufu ya kuoza, endelea kutoboa kila sentimita 10 mpaka ufike palipo kavu, ndipo utajua ukubwa wa kazi.

Wapo wanaopenda kuchoma matundu na kumimina epoksi ndani. Njia hiyo hufaa pale tu ngozi ilipoachana na kiini kilicho kavu na kizima. Katika kiini kilichooza hujaza mifuko michache na kuacha uozo mahali pake. Kiini kilichooza hutolewa. Kata ngozi ya ndani kwa uangalifu, uihifadhi ikiwa ni nzima, chimbua kiini hadi kwenye ngozi ya nje, kausha, weka kiini kipya kwa epoksi nzito, na urudishe ngozi kwa kuunga kingo zake kwa matabaka mapya. Matundu yote ya boliti yatakayopita hapo hutobolewa makubwa kuliko yanavyohitajika, hujazwa epoksi nzito, na hutobolewa upya katikati ya epoksi hiyo, ili siku mpira wa kuzuia maji ukichoka, maji yakutane na epoksi na siyo mbao.

Ukuta wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaobeba injini ya nje una kipimo chake. Inamisha injini hadi nusu ya mwinamo wake, shika sehemu ya chini karibu na rafadha, iinue na kuishusha, huku mwenzako akitazama ukingo wa juu wa ukuta. Ukingo ukicheza, au maji ya kahawia yakitoka kwenye matundu ya boliti, plaiwudi ya ndani imekwisha. Boti hiyo isirudi majini na injini yake.

Maji kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) bila tundu

Kabla ya kulaumu ukuta, ondoa washukiwa walio rahisi zaidi: kizibo cha kumwagia maji, maungio ya mabomba yanayopita ukutani, boliti za injini, na mahali mwili wa boti unapoungana na sitaha. Kama boti haijatoka gatini na maji yanaongezeka wakati wa mvua tu, tatizo liko juu. Boti ikiwa nchi kavu, juu ya tela au vigogo vinavyoibeba vizuri, kausha tumbo lake kwa nje, lipake unga wa chaki, kisha mimina maji ndani ya ngama kwa kina cha sentimita chache. Usiijaze, kwa kuwa kila lita ni kilo moja na vigogo havikukusudiwa kubeba mzigo huo. Mahali maji yanapotokea, chaki hugeuka rangi mara moja, hata kwa jasho ambalo jicho lisingeliona.

Mara nyingi chaki hugeukia mkuku. Boti inayoburutwa kwenye mchanga au changarawe huliwa kidogo kidogo hadi jelikoti inakwisha na nyuzi zinachungulia, zikihisika kwa kidole kama ndevu ngumu. Nyuzi zilizo wazi hunyonya maji kwa urefu wake kama utambi unavyonyonya mafuta. Saga hadi kwenye faibaglasi ngumu, osha, kausha vizuri kuliko unavyodhani inatosha, na laza matabaka yanayopita juu ya mkuku na kushuka pande zote mbili.

Tundu na ukuta uliovunjika

Jambo moja linaamua kama kiraka kitadumu. Boti ilipotengenezwa, matabaka yake yaliwekwa yakiwa bado mabichi, hivyo resini iliungana ikawa kitu kimoja. Kiraka hakina bahati hiyo. Kinawekwa juu ya resini iliyoganda zamani, na kinachokishika ni kugandana tu, kama gundi inavyoshika ubao. Nguvu ya gundi inategemea upana wa eneo, usafi wake na ukwaruzo wake. Kwa hiyo ukingo wa tundu hausimamishwi wima bali hulazwa mteremko mrefu. Kwa sehemu inayobeba mzigo, mteremko wenye urefu mara 12 ya unene wa ukuta ndio ninaoushauri. Ukuta wa milimita 6 unahitaji mteremko wa milimita 72 kila upande, na hivyo tundu la sentimita 10 huwa kiraka cha zaidi ya sentimita 24. Wenye boti hushtuka wanapoona tundu lao likipanuliwa kiasi hicho, na ni wajibu wa fundi kuwaeleza sababu kabla hajawasha grinda.

Anza kwa kupangusa eneo lote kwa asetoni na kitambaa safi, kabla ya kusugua, kwa maana ukisugua kwanza utaisukuma nta na mafuta ndani ya mikwaruzo. Kata kila kilichovunjika mpaka faibaglasi iwe ngumu na angavu pande zote. Saga mteremko kwa msasa namba 36 au 40, malizia kwa namba 80, ondoa vumbi. Vumbi la kioo halina msamaha kwa mapafu, kwa hiyo vaa barakoa ya kiwango cha P2 au zaidi, na unapofika kwenye resini ya poliesta badilisha uvae yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Hadena ya poliesta, yaani kemikali ya kuigandisha, ni peroksaidi inayoweza kupofusha. Tone moja likiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 na zaidi, kisha nenda hospitali. Na kama resini yako inauzwa na kichapuzi cha kobalti pembeni, kamwe usikichanganye moja kwa moja na hadena, maana huweza kulipuka.

Kuhusu resini, epoksi hugandana na poliesta ya zamani vizuri zaidi kuliko poliesta mpya, nami huichagua kwa jeraha lolote la chini ya maji. Hata hivyo epoksi haiendani na mati ya kawaida, ambayo gundi yake imetengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta, hivyo tumia kitambaa kilichofumwa au kushonwa. Tena jelikoti ya poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, na umalizio wake uwe rangi ya vijenzi viwili. Anayetaka kumalizia kwa jelikoti na atumie poliesta au vinilesta (resini inayokaribiana nayo) tangu mwanzo, na mteremko wake usipunguzwe hata kidogo.

Weka kitegemeo upande wa ndani, kipande cha bati laini au plaiwudi nyembamba kilichofunikwa plastiki, kifuate mzingo wa ukuta. Kata matabaka yote kabla ya kuchanganya resini. Tabaka moja la mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita 1, na kila mita ya mraba hula resini mara 2 hadi 2 na nusu ya uzito wake. Laza kwanza lililo kubwa kuliko yote, lifunike mteremko mzima, kisha madogo yafuate. Ukianza na dogo, utakaposawazisha uso kwa msasa utalikata lile kubwa linaloshikilia kila kitu. Paka resini kwenye ukuta kwanza, laza mati, ikoleze kwa brashi ya kugongagonga, halafu ifukuze hewa kwa rola yenye mifereji mpaka weupe wa nyuzi upotee. Matabaka 3 au 4 yanatosha kwa mara moja. Yaache yagande na kupoa, kisha endelea.

Kiasi cha hadena kwa poliesta ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini, kulingana na joto la siku na maelekezo ya mtengenezaji. Epoksi haina uhuru huo: uwiano wake haubadiliki, na kuzidisha hadena hakuharakishi chochote bali hudhoofisha. Fanya kazi kivulini, joto likiwa kati ya nyuzijoto 15 na 25 za Selsiasi, na usianze alfajiri wakati umande bado umelala juu ya ukuta.

Kiraka kimewekwa lakini kina kasoro

Resini isipoganda siku ya pili, sababu ni baridi, hadena kidogo, kuchanganya kwa haraka bila kukwangua kando za kopo, au resini iliyokaa miezi mingi dukani. Poliesta iliyopungukiwa hadena kidogo huweza kuokolewa kwa joto la taa. Epoksi iliyokosewa uwiano haiokolewi. Kwangua yote, pangusa, anza upya, na usithubutu kupaka nyingine nzuri juu yake ukitumaini itaigandisha ile ya chini.

Uso ukinata wakati chini ni kugumu, hilo si kosa. Poliesta na jelikoti haziishi kuganda zikiwa zimegusana na hewa, na ndiyo maana tabaka la mwisho hutiwa nta maalumu au hufunikwa kwa plastiki. Epoksi nayo huweza kutoa utando wa mafuta usoni, ambao huoshwa kwa maji na sifongo gumu kabla ya kusugua au kuongeza tabaka lingine.

Kopo likitoa moshi au kiraka kikapasuka chenyewe, matabaka yalikuwa mengi kwa mara moja au hadena ilizidi. Mabaka meupe baada ya kuganda ni nyuzi zilizokosa resini au hewa iliyobaki, na husagwa hadi yaishe. Kiraka kinachobanduka kizima kikiacha chini yake uso laini unaong'aa kinatangaza kwamba palikuwa na nta, unyevu, au poliesta iliyowekwa juu ya epoksi; kikibanduka na nyuzi za ukuta wa zamani, basi ulibandika juu ya faibaglasi iliyokwisha kufa. Alama za ufumo wa kitambaa zikijitokeza kwenye rangi baada ya wiki chache za jua, resini iliendelea kunywea baada ya umalizio. Dawa yake ni kusubiri siku 7 au zaidi kabla ya kusawazisha, na kuweka tabaka jepesi la mati chini ya uso.

Rangi ya jelikoti isipolingana, usihukumu mpaka jelikoti ya zamani iliyo kando imeng'arishwa, kwani aghalabu ni hiyo iliyopauka. Sugua kiraka kwa msasa wa maji namba 220, 400, 600, 800 hadi 1200, usiruke hata namba moja, ndipo utumie dawa ya kung'arisha.

Boti ikirudi kutoka safari zake mbili au tatu za kwanza, ipandishe, uugonge mzingo wote wa kiraka kwa mpini ule ule wa bisibisi, na uulinganishe mlio wake na wa upande wa pili.